MALI BILA DAFTARI: HABARI ZA MIMEA YA MILIMANI

Somo la Historia kwa Madarasa ya Kisomo cha Watu Wazima
(Maneno yaliyosomwa redioni, sasa yamepigwa chapa)

Waliosikiliza redio watayakumbuka maneno haya. Wale ambao hawakupata nafasi ya kusikiliza, na wayasome hapa polepole, mmoja akiwasomea wenzake kwa sauti.

Leo tutazungumza habari za mimea inayoota juu sana milimani, karibu na barafu. Pengine mmoja wenu atauliza: "Majani ya mlimani yana historia gani? Historia si habari za wafalme na vita na safari?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni hili: kila kitu kinachobadilika kina historia. Lakini historia hiyo haijulikani kwa hakika kama hapakuwa na mtu aliyeandika hali ya zamani. Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka asiyeandika hajui sukari yake imekwisha lini, wala nani aliyeichukua. Kadhalika na milima. Basi somo la leo ni habari za watu walioufungulia mlima daftari, na mambo ambayo daftari hilo linatuambia sasa.

MLIMA UNA NGAZI

Kwanza tuufikirie mlima wa Kilimanjaro, ambao kila mtu ameusikia. Chini kabisa ni nchi tambarare yenye joto. Ukianza kupanda unakuta migomba na kahawa za Wachagga. Ukipanda zaidi unaingia katika msitu mnene wenye ukungu na kuvu juu ya matawi. Ukitoka msituni unakuta miti ya erika, yenye majani madogo kama sindano. Halafu miti inakwisha. Kuna majani mafupi na vichaka hapa na pale, na ile mimea ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi kubwa. Baadaye ni mawe na mchanga tu. Mwisho ni barafu, juu kabisa, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari.

Kwa nini mimea hii imejipanga kama watu waliokaa kwenye ngazi, kila mmoja daraja lake? Sababu kubwa ni baridi. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Mgomba hauwezi kukaa mahali penye barafu usiku. Na mimea ya juu imezoea taabu: ni mifupi, mingine ina manyoya kama blanketi, nayo hukua polepole sana. Baridi yenyewe haiipendi zaidi ya sisi tunavyoipenda. Lakini baridi ndiyo inayoilinda, kwa sababu inawazuia majirani wenye nguvu wa chini wasipande kuja kuinyang'anya jua na udongo.

Basi fikiri, msomaji: ikiwa baridi ni ukuta, itakuwaje ukuta huo ukipungua?

DAFTARI LA MWAKA 1802

Mtu mmoja wa kwanza kuandika vizuri habari za ngazi hizi ni Mjerumani aliyeitwa Alexander von Humboldt. Katika mwezi wa Juni mwaka 1802, yeye na Mfaransa Aimé Bonpland na rafiki yao Carlos Montúfar walipanda mlima Chimborazo, katika nchi ambayo leo ni Ecuador, Amerika ya Kusini. Hawakufika kileleni, lakini walipanda juu kuliko watu wengi wa siku zao. Humboldt alipima baridi, akapima kimo cha mahali, akaandika mimea aliyoiona. Mwaka 1807 alitoa picha kubwa ya mlima, na juu ya picha hiyo ameandika majina ya mimea, kila jina mahali pake.

Mwaka 2012, miaka 210 baadaye, wataalamu wengine walikwenda Chimborazo na habari za Humboldt mkononi. Walikuta mimea inaota juu kuliko zamani, na hesabu yao ya kwanza ilisema kwamba mimea imepanda zaidi ya mita 500. Lakini baadaye, mwaka 2019, wataalamu wengine walichungua maandishi ya zamani tena. Waliona kwamba mimea mingi ya juu katika picha ile Humboldt hakuiona Chimborazo, bali katika mlima mwingine, Antisana. Walipopima upya katika Antisana walipata kwamba mimea imepanda kiasi cha mita 215 hadi 266.

Kumbukeni jambo hili. Mimea imepanda kweli, hapana shaka. Lakini kiasi chake kilipotea kidogo kwa sababu mahali hapakuandikwa sawasawa. Daftari jema husema vitu vitatu: kitu gani, lini, na wapi. Kimoja kikikosekana, wajukuu watapata kazi kubwa.

MMEA MMOJA JUU YA KILELE

Sasa tuvuke bahari twende Ulaya, katika nchi ya Uswisi, kwenye milima iitwayo Alps. Huko kuna kilele kimoja kiitwacho Piz Linard, chenye mita 3,410. Mwaka 1835 kijana mmoja Mswisi wa miaka 25, jina lake Oswald Heer, alikipanda pamoja na kiongozi wa njia. Alipofika juu alitazama miguuni pake. Palikuwa na mawe matupu, na mmea wa maua wa aina moja tu: mmea mdogo uliojibana juu ya ardhi kama mto wa kulalia, ambao wataalamu huuita Androsace alpina.

Mtu mwingine angalisema, "Hapa hamna kitu," akashuka. Heer aliandika. Aliandika jina la mmea, mwaka, na mahali. Na kwa kuwa kilele cha mlima hakiwezi kuchanganywa na mahali pengine, kila aliyemfuata alijua hasa pa kutazama.

Watu wakamfuata kweli. Wataalamu wa mimea walipanda Piz Linard tena na tena, kila mmoja akaongeza ukurasa katika daftari. Karibu miaka mia moja baada ya Heer, aina za mimea kileleni zilikuwa zimefika 10 hivi. Kisha kwa miaka mingi hesabu haikubadilika sana. Lakini baada ya mwaka 1992 mambo yalikwenda mbio, na mwaka 2011 walihesabu aina 16. Mahali palipokuwa na aina moja, sasa zipo kumi na sita.

Je, labda ni mlima huo mmoja tu? Wataalamu waliuliza hivyo hivyo. Mwaka 2018 kundi kubwa la wataalamu lilitoa hesabu ya vilele 302 vya Ulaya, ambavyo vimeandikwa kwa muda wa miaka 145. Katika kila vilele 100, vilele 87 vimeongeza aina za mimea. Tena mwendo wenyewe umezidi kuwa wa haraka. Katika miaka kumi kutoka 1957 hadi 1966, kilele kimoja kiliongeza, kwa wastani, aina 1 na kidogo. Katika miaka kumi kutoka 2007 hadi 2016, kilele kimoja kiliongeza aina 5 na zaidi. Yaani mwendo umekuwa kama mara tano.

Hesabu kama hizo haziwezi kufanywa kwa kichwa. Mtu aliyeona mwaka 1835 amekufa zamani. Kilichobaki ni karatasi.

JOTO LIMETOKA WAPI?

Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, joto la dunia yote limepanda kwa zaidi ya digrii 1. Katika milima ya Alps limepanda karibu digrii 2. Msiidharau digrii moja. Tumesema kwamba mita 1,000 ni digrii 6. Basi digrii 2 ni kama kuushusha mlima mzima zaidi ya mita 300 kuelekea kwenye joto.

Sababu kubwa ni moshi wa kazi za wanadamu. Makaa ya mawe, mafuta ya petroli, na misitu inayochomwa hutoa hewa iitwayo kaboni dioksidi. Hewa hii huizunguka dunia kama blanketi. Mtu aliyejifunika blanketi moja hulala vizuri. Ukimwongezea la pili na la tatu, atatoka jasho. Ndivyo ilivyo kwa dunia yetu. Nchi zenye viwanda vingi ndizo zilizoongeza mablanketi mengi, lakini joto halina mpaka wala halimbagui mtu.

JE, WINGI NI HERI?

Labda mtasema: "Kama mimea imeongezeka kileleni, ubaya uko wapi? Si afadhali aina 16 kuliko moja?" Hapa tusiharakishe.

Mlima ni kama rundo la mahindi: chini ni pana, juu ni pembamba. Mmea wa chini ukipanda hatua moja, bado una mahali pa kukaa. Lakini mmea uliokuwa juu kabisa utapanda uende wapi? Nyumba haina ngazi baada ya paa. Wageni wanapofika, mara nyingi ni warefu kuliko wenyeji, na hukua haraka. Huwatilia wenyeji kivuli. Mwenyeji aliyezoea kushindana na baridi hakuzoea kushindana na jirani.

Tena wenyeji hawafi siku hiyo hiyo. Mimea mingi ya juu huishi miaka makumi mengi. Mti uliokatwa mizizi huweza kukaa na majani mabichi kwa muda, na apitaye njiani atasema ni mzima. Kwa hiyo kilele chenye aina nyingi leo huenda ni kama nyumba yenye karamu: wageni wamekwisha kuingia, na wenyeji bado hawajatoka. Kuhesabu watu siku ya karamu si kujua nani atakayebaki kesho.

Jambo hili liliwafanya wataalamu waanzishe daftari kubwa zaidi. Tangu mwaka 2001 kuna mpango wa kuangalia vilele vya milima kwa njia moja katika nchi nyingi, na makao yake yako Austria. Wanachagua vilele, wanapima vipande vya ardhi vyenye mita moja kwa mita moja, wanaandika kila mmea uliomo, wanafukia kipimajoto udongoni, kisha wanarudi baada ya miaka kadhaa. Mpango huo ulionyesha jambo la kufikirisha. Kati ya mwaka 2001 na 2008, vilele vya kaskazini na vya katikati ya Ulaya viliongeza aina za mimea. Lakini vilele vya kusini, karibu na Bahari ya Mediterania, havikuongeza, vingine vilipunguza. Huko joto limekuja pamoja na ukame, na mmea usio na maji haupandi mlima.

Maneno hayo, joto na ukame, tuyashike sasa, maana yanatuleta kwetu.

MILIMA YETU

Milima mirefu ya Afrika Mashariki ina mimea mingi ambayo haipatikani kwingine duniani. Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Sweden, Olov Hedberg, alikuja kuizunguka milima hiyo, na mwaka 1957 alitoa kitabu chenye orodha ya mimea yake. Huku kwetu juu mlimani mchana ni jua kali, na usiku maji huganda. Mimea ya huko hupambana na taabu zote mbili kila siku ya Mungu.

Katika Mlima Kenya kuna barafu moja iitwayo Tyndall. Mtaalamu wa Kijapani, Kazuharu Mizuno, alipima kurudi kwake nyuma. Kutoka mwaka 1958 hadi 1997 barafu hiyo ilirudi karibu mita 3 kila mwaka. Kutoka 1997 hadi 2002 ilirudi karibu mita 10 kila mwaka. Na mimea je? Inaifuata nyuma. Wa kwanza kufika ni mmea uitwao Senecio keniophytum, ambao haupatikani mlima mwingine wowote ila huo. Barafu ikiondoka, mmea huu hukanyaga mahali palipoachwa, kama mtu anayehamia shamba ambalo mwenyewe ameliacha. Lakini tumekwisha kuona: anayefuata barafu inayokwisha anapanda ngazi inayokwisha.

Sasa Kilimanjaro. Wachagga waliiona barafu ya Kibo tangu zamani za mababu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameiona, na wasomi wengine wa Ulaya walikataa kusadiki. Mwaka 1912 barafu hiyo ilipochorwa katika ramani ilikuwa na eneo la karibu kilometa 12 za mraba. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilometa 2 za mraba.

Kwa kuwa barafu imepanda hivyo, mngefikiri kwamba msitu nao umepanda kuifuata. Sivyo. Mtaalamu Andreas Hemp, aliyelinganisha hali ya mimea ya mlima huo tangu mwaka 1976, alikuta kinyume: mwisho wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Sababu ni moto. Hali ya mlima imekuwa ya joto na kavu zaidi, na moto ukianzishwa, mara nyingi na watu, miti ya erika huwaka upesi. Msitu wa erika ukiungua mara kwa mara hugeuka vichaka vifupi. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 2020 moto mkubwa uliwaka huko juu siku nyingi, na watu wengi walipanda kuuzima.

Hapa ndipo habari ya majani inapokuwa habari ya chakula chetu. Watu wengi hudhani kwamba maji ya Kilimanjaro hutoka katika barafu. Sehemu kubwa haitoki huko. Hutoka katika msitu. Miti ya juu hukamata ukungu. Ukungu hugusa majani madogo, huwa matone, matone huanguka chini, na udongo wa msitu huyaweka kama mtungi. Maji hayo ndiyo yanayoingia katika mifereji ya Wachagga, katika mashamba ya migomba, na katika mto Pangani mpaka baharini. Mti wa erika ukiungua, ukungu hupita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Mtu wa tambarare ambaye hajapanda mlima hata siku moja atajua kwamba mfereji umepungua, asijue kwamba mwanzo wake ni kiberiti kilichowashwa mbali juu ya kichwa chake.

Basi mnaona kwamba milima haifuati njia moja. Katika Alps mimea imepanda. Katika Mlima Kenya imeifuata barafu. Katika Kilimanjaro msitu umeshuka kwa sababu joto limeshirikiana na ukame na moto. Joto moja mtu mmoja hawezi kulizuia. Moto twaweza kuuzuia.

DAFTARI LAKO

Ndugu zangu, Oswald Heer hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alikuwa na macho, miguu, kalamu na karatasi. Ninyi nanyi mna macho na miguu, na sasa mnayo kalamu. Mzee asiyejua kusoma anajua mengi sana ya nchi yake: mvua za zamani, chemchemi iliyokauka, ndege asiyeonekana tena. Lakini akifa, maktaba yake huzikwa pamoja naye, na kijana akisema "mvua zimebadilika", mwingine humwambia "ni maneno tu".

Kwa hiyo kila darasa na linunue daftari moja. Andikeni siku mvua za masika zilipoanza, siku chemchemi ilipopungua, siku mti fulani ulipochanua, na ni mti upi, mahali gani. Waulizeni wazee, mwandike wasemayo, na jina la aliyesema. Mwaka wa kwanza daftari hilo litaonekana halina maana. Mwaka wa kumi watu watakuja kuliazima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini mimea ya mlimani imejipanga kama ngazi?
2. Oswald Heer aliandika nini mwaka 1835? Mwaka 2011 walihesabu aina ngapi mahali hapo?
3. Daftari jema husema vitu gani vitatu?
4. Kwa nini kuongezeka kwa aina za mimea kileleni si lazima kuwa habari njema?
5. Msitu wa Kilimanjaro umeshuka kwa sababu gani? Jambo hilo lina shida gani kwa watu wa chini?
6. Katika kijiji chenu ni nini kimebadilika tangu wazee walipokuwa watoto? Nani atakiandika?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kilele: mwisho wa juu wa mlima.
Kimo: urefu wa kwenda juu.
Wastani: hesabu ya vitu vyote ikigawanywa sawasawa.
Ukame: hali ya kukosa mvua.